Mnaosafiri na pikipiki na kulala njiani huku kanda ya ziwa, mnazilindaje usiku? Tupeane uzoefu

Muuza Nyavu (mwenye mada):
Wakuu, habari za jioni. Naishi Buhongwa, Mwanza, nauza nyavu, kamba na maboya kwenye mialo, kule ufukweni wanakoshushia samaki. Kazi yangu yote iko juu ya pikipiki: leo Magu, kesho Lamadi, keshokutwa nakata kona Bunda naingia Kibara mpaka Kisorya, navuka Ukerewe. Kurudi siku hiyohiyo haiwezekani, kwa hiyo kwa mwezi nalala nje siku nane mpaka kumi.

Mwaka jana niliibiwa Boxer yangu nimelala gesti, mji siutaji, uko barabara ya Musoma. Nilikuwa nimeloki usukani na kuiingiza ndani ya geti. Geti lenyewe la bati, linafungwa kwa komeo tu. Saa kumi na moja alfajiri natoka na begi langu, nakuta doa la oili pale ilipokuwa, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Mhudumu anasema hakusikia kitu. Mlinzi anasema zamu yake iliisha saa tisa usiku. Nimezunguka sana lakini zamu ya kuisha saa tisa usiku nimeisikia pale tu.

Sasa nina TVS, ya mkopo, bado sijamaliza hata robo. Jumatatu naondoka. Naomba yaliyokupata wewe mwenyewe, siyo ya kusikia kijiweni. Ushauri wa kununua kufuli kubwa nimeshapewa na kila mtu, na kufuli kubwa ninalo.

Fundi wa Igoma:
Pole sana mkuu. Loki ya usukani ni kipini chembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Kila mara naletewa pikipiki hapa gereji, mwenyewe analalamika usukani haukai sawa, nikifungua nakuta kipini kimekatika. Maana yake kuna mtu alishaijaribu usiku na mwenye mali hana habari. Habari za waya wa swichi siziandiki hapa, na wao wanasoma.

Mimi nimeweka swichi ya siri inayokata moto wa plagi. Niliichomoa kwenye redio mbovu, na ilipo hata mke wangu hajui. Mwaka juzi tulikuwa msibani Sengerema, wanaume tumelala nje chini ya turubai. Kwenye saa nane nasikia kiki inapigwa. Kiki, kiki, kiki, haiwaki. Nikanyamaza. Jamaa alipiga kama mara ishirini, nikawa nasikia anavyohema, halafu akaona isiwe tabu, akaanza kuisukuma. Hapo ndipo nilipoinuka, maana swichi ya siri haizuii kusukuma. Kumbe ni mfiwa mwenzetu, wa mbali kidogo. Akasema anaihamisha isinyeshewe. Mbingu ilikuwa nyota tupu, mpaka zinakera.

Kwa hiyo ukiweka swichi, weka na mnyororo. Na mnyororo usiupitishe kwenye spoku peke yake, spoku zinakatwa kwa koleo. Upitishe kwenye fremu, uzungushe na kitu kilichochimbiwa: nguzo, mti, nondo za dirisha. Mnyororo uliofunga tairi tu, watu wawili wanaibeba pikipiki mzimamzima kama jeneza.

Jambo jingine, mnaouziwa kufuli za diski pale mjini, kwanza chungulieni kama pikipiki zenu zina diski. Hizi nyingi za kazi breki zake zimo ndani ya habu, hakuna sahani ya nje. Jamaa mmoja alinunua akaniletea nimfungie. Nifungie wapi?

Mama Dagaa:
Habari zenu. Naona mnaongelea gesti tu, njooni mwaloni muone.

Nanunua dagaa upande wa Sengerema na pikipiki naiendesha mwenyewe. Kwetu mwezi umegawanyika mara mbili, kuna mbalamwezi na kuna giza. Dagaa huvuliwa giza, kwa taa. Siku za mbalamwezi mitumbwi imepaki, wanaume wapo nchi kavu, wengine wamelewa lakini wapo. Siku za giza wote wako majini kuanzia jioni hadi asubuhi, na ufukweni tunabaki wanawake, watoto, na pikipiki za wateja waliokuja kusubiri mzigo wa asubuhi. Mwizi anayeijua kalenda hiyo hana haja ya haraka.

Yangu ilichukuliwa siku za giza. Tulipogundua, sungusungu wakapiga mwano, ule ukelele wa kuitana, vijiji jirani wakaitikia, barabara zote mbili zikawekwa watu mpaka kukakucha. Hakuna kilichopita. Asubuhi kikongwe mmoja mwanika dagaa akanishika mkono, akanipeleka kwenye mchanga mbichi. Alama ya tairi langu la nyuma, nalifahamu lilivyoisha upande mmoja, inateremka moja kwa moja mpaka kwenye maji. Pembeni yake mburuzo wa mtumbwi. Sisi tumekaba barabara, yenyewe inavuka ghuba.

Niliipata baada ya siku tatu, mwalo wa ng'ambo. Tenki limepakwa rangi ya bluu, namba imeng'olewa. Ila siti hawakuigusa, na siti nilikuwa nimeishona kiraka cha kitenge kwa mkono wangu. Polisi hawakutaka kusikia habari za kitenge. Wakadai kadi, wakasoma namba ya chesesi na ya injini moja moja kwa tochi ya simu, zikaoana. Kadi ilikuwa nyumbani, lakini nilikuwa nimeipiga picha. Bila ile picha ningerudi na kiraka changu.

Sasa hivi nikilala mwaloni namwachia yule bibi. Yeye chanja zake za dagaa ziko nje, halali: analinda dagaa, anasikiliza mvua. Nampa elfu mbili, na naifungia kwenye nguzo ya chanja yake.

Mpenda Lifti:
Mama, umenikumbusha kitu. Nami niliibiwa giza, Ukerewe, sikuwahi kuoanisha.

Lala Nayo:
Mimi nalala nayo chumbani. Najua mtacheka.

Nilianzia Katoro. Nilifika saa nne usiku, vumbi mpaka kwenye meno, gesti ina chumba kimoja kimebaki na uwanja wake hauna hata uzio. Nikamwambia dada wa mapokezi bila hii pikipiki kuingia ndani naondoka. Akaniangalia, akaiangalia, akasema ongeza elfu mbili. Ya nini? Akasema, "Mgeni wa pili." Nikalipa, na risiti nikaandikiwa watu wawili.

Kosa langu usiku ule sikufunga koki ya mafuta. Kabureta ilikuwa inavuja kidogo, barabarani huwezi kuona, ila chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dirisha dogo utaona tu. Nimeamka kichwa kinapasuka, chini kuna kidimbwi cha petroli, na kwenye kona kuna dawa ya mbu ya kuchoma ambayo nilikuwa nimeipania lakini usingizi ukaniwahi kabla sijaiwasha. Nilikaa nje mpaka asubuhi natetemeka, na siyo baridi.

Siku hizi nafunga koki kilomita moja kabla ya kufika, injini inamalizia mafuta ya kwenye kabureta na kuzimika yenyewe mlangoni. Dirisha wazi, moto wa aina yoyote marufuku, nalala ndani ya neti. Kama chumba hakina dirisha la maana, naiacha koridoni na mnyororo naupitisha chini ya mlango nafungia kwenye mguu wa kitanda changu.

Fundi wa Igoma:
Mkuu wa juu, hilo la chumbani mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Kuvuja kunaanza siku yoyote na koki zenyewe za siku hizi unazijua. Bora uibiwe. Ila la kufunga koki chukueni: mwizi akifanikiwa kuiwasha anaenda mwendo mfupi inazima, na akiwa na haraka hawezi kujua ni nini.

Bando Limeisha:
Mimi niliweka jipiesi. Nilijiona mjanja sana, kijiweni nilikuwa nawaonyesha kwenye simu pikipiki yangu ilivyo kidoti cha kijani.

Usiku wa tukio nilikuwa nimelala kwa shemeji Misungwi. Saa tisa na nusu simu inalia, pikipiki inatembea. Nikatoka na bukta. Kidoti kinaelekea Kigongo. Nikasema huyu amekwisha. Enzi za kivuko ungepiga simu moja tu ukamkuta yuko kwenye foleni anasubiri kuvuka kama watu wengine. Nikasahau kwamba daraja limefunguliwa tangu Juni 2025. Kilomita 3 za lami juu ya maji, mtu na Boxer anazimaliza nikiwa bado natafuta viatu. Kidoti kikavuka, kikatokea Busisi, kikasimama palepale. Nikafurahi tena. Shemeji akawasha gari tukafuata. Kufika, hakuna kitu. Kumbe siyo pikipiki iliyosimama, ni laini ya ile jipiesi iliyoishiwa bando. Nilikuwa nimeiwekea la wiki, wiki ikatimia usiku uleule.

Nilichukua RB polisi, nikaenda kwa watu wa bima na bima yangu kifua mbele. Wakaniuliza, hii si ndogo? Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe ukiibiwa haikujui. Bima kubwa ndiyo inahusika na wizi. Na kadi orijino nilikuwa naiweka chini ya siti na spana, kwa hiyo nilimpa mwizi pikipiki na karatasi zake. Sijaipata mpaka leo. Jipiesi nimeweka tena kwenye nyingine, bando la mwaka.

Mpenda Lifti:
Wewe ungeiuza tu ukapanda basi.

Muuza Nyavu (mwenye mada):
Wakuu nimerudi, niwape mrejesho. Swichi ya siri fundi wa hapa Buhongwa amenifungia. Kadi imebaki kwa mama watoto, ninayo picha.

Jumanne nilifika Kisorya kivuko cha mwisho kimeshaondoka, nakiona taa zake zinaelekea Rugezi. Nikafanya kama Mama Dagaa, nikatafuta mwenye mali yake nje. Nikampata mzee mmoja analinda mbao za mitumbwi pale karibu, ana tochi na mbwa wawili. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, tukaelewana elfu tatu. Nikaifunga kwenye mti kupitia fremu, koki nikafunga, nikaenda kulala mita hamsini tu kutoka hapo. Nimeamka mara nne. Kila nikichungulia naona tochi yake, mbwa wananibwekea mimi.

Asubuhi naenda, pikipiki ipo, mnyororo upo, mzee yupo anakunywa uji. Saitimira zote mbili hazipo.

Namwonyesha. Akaziangalia pale zilipokuwa, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, ulisema nilinde pikipiki."

Nimempa elfu tatu yake. Nyingine nimenunua Bunda wakati wa kurudi.