Nimeomba kumwona mama wa mtoto wa mbwa aina ya Labrador, nimejibiwa kwamba kama ninapenda vyeti nikafunge ndoa

Wanajamvi, habari za jioni. Ninaandika haya tukiwa tumesimama Chalinze, baba watoto anajaza mafuta, na wanangu wawili wapo kiti cha nyuma bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea tangu wazaliwe. Sitamtaja muuzaji huyo wa mbwa kwa jina. Kila aliyewahi kutafuta mbwa wa mbegu Dar es Salaam amekwisha kuziona picha zake za watoto wa mbwa waliolazwa juu ya zulia jekundu, na ameisikia sauti yake inayomwita kila mteja "mtu wangu" hadi dakika ile mteja anapouliza swali.

Mimi niliuliza swali. Nilimwomba, kwa adabu niliyofunzwa na bibi yangu, anionyeshe mama wa yule mtoto pamoja na karatasi za ukoo wake. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akawageukia vijana wake waliokuwa wakiosha mabanda, akahakikisha wanasikiliza, ndipo akaniambia mbele ya mume wangu na mbele ya watoto wangu: "Mama, kama unapenda vyeti, kafunge ndoa."

Kafunge ndoa! Nina ndoa ya miaka 14, cheti chake kipo kabatini kwangu Morogoro, na kama ningalijua kwamba siku hizi mbwa haonyeshwi bila cheti cha ndoa ya mnunuzi, ningalikibeba pamoja na picha za harusi na wazee wote waliohudhuria.

Hatukukurupuka. Tumeizungumzia Labrador mezani kwa mwaka mzima, kwa sababu mwanangu mdogo alikimbizwa na mbwa njiani kutoka shule na tangu hapo akimwona mbwa hujificha nyuma yangu. Tuliichagua mbegu hii kwa kuwa mababu zake walifanya kazi na wavuvi wa Newfoundland kule Kanada, kisha Waingereza wakaiendeleza ili iwaletee ndege waliopigwa risasi bila kuwatafuna, ndiyo maana Labrador aliyelelewa vema anaweza kubeba kitu mdomoni kwa upole na kuwavumilia watoto. Tulikuwa tumesoma pia kwamba ubovu wa nyonga na viwiko hurithiwa, kwa hiyo kumwona mama yake anavyotembea si umbea, ni jambo la kwanza analopaswa kufanya mnunuzi.

Bei ilikuwa Sh 800,000, na nilikwisha kumtumia Sh 300,000 kwa simu. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Tulipofika tuliletewa mtoto anayepepesuka, ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa bado hayajatoka yote, tukaambiwa ana wiki nane kamili. Nikavumilia. Tukaambiwa Labrador ni mbwa wa Ujerumani. Nikavumilia hilo pia, ingawa mwanangu mkubwa alinivuta kanga. Lakini kuambiwa nikafunge ndoa, mbele ya mwanamume niliyefunga naye ndoa, ambaye wakati huo alikuwa amemshikia muuzaji huyo mlango wa banda! Fedha zangu amekataa kuzirudisha. Tulipofika Kibaha mwanangu mdogo akauliza, "Mama, kwani wewe na baba hamjafunga ndoa?" Wanajamvi, ninawaomba mniambie mtu wa namna hii anazungumzaje na mama yake mzazi.

Mkulima wa Mlandizi: Pole sana dada. Ninamjua, na mimi aliniita "mtu wangu" kwa wiki mbili. Hata hivyo, umemtumia laki tatu mtu usiyemjua, kwa ajili ya mbwa usiyemwona, kisha kinachokuuma ni ndoa?

Bwana Shemeji: Shemeji yetu aliyeshika mlango wa banda alisema nini? Katika uzi wote huo hajatamka neno hata moja.

Mleta uzi: Alisema, "Twende zetu." Aliisema kwa sauti nzito. Ninawaomba mmwache mume wangu, kwa sababu siye aliyemwambia mke wa mtu akafunge ndoa.

Mfugaji Mstaafu: Nina maswali mawili. Mtoto mliyeonyeshwa alikuwa wa rangi gani, na wazazi wake ulielezwa ni wa rangi gani?

Mleta uzi: Mtoto alikuwa mweusi tii. Wazazi nilionyeshwa kwenye simu tu, wote wawili wa njano, wamelala juu ya zulia lile lile.

Mfugaji Mstaafu: Basi umeponea chupuchupu. Labrador wana rangi tatu, yaani nyeusi, njano na kahawia ya chokoleti, na rangi ya njano hujitokeza pale tu mtoto anapoirithi kwa baba na kwa mama kwa pamoja. Labrador wawili wa njano huzaa watoto wa njano. Mtoto mweusi tii hawezi kutoka kwao, hata wakilazwa kwenye zulia la Uajemi. Ama picha ile si ya wazazi wake, ama baba yake alipita kwenye ua usiku. Huyo bwana alikimbilia kuizungumzia ndoa yako ili usiizungumzie ndoa ya mbwa wake.

Mleta uzi: Ninashukuru kwa elimu hiyo, nami nimemsomea mume wangu kwa sauti. Ila bado hakuna aliyenijibu kuhusu lile neno lenyewe. Vijana wake walicheka. Mmoja aliangusha ndoo kwa kucheka.

Binti wa Pongwe: Wewe umetukanwa ukaondoka bila mbwa, shukuru. Mimi niliuziwa "Labrador wa njano" ambaye leo ana miaka miwili, masikio yamesimama kama ya sungura na mkia umejikunja kama pete, wakati mkia wa Labrador hunyooka na kuwa mnene shinani kama wa fisi maji. Ninampenda na anailinda nyumba, lakini kila mgeni akiuliza ni mbegu gani, watoto wangu hutazama chini.

Msomaji wa Nairobi: Ninyi mnazililia karatasi kana kwamba ni dawa. Wangu nilimnunua akiwa na karatasi zote, ukoo wake umeandikishwa ipasavyo katika East Africa Kennel Club, na alipofika miezi kumi na minane akaanza kuruka kama sungura kila anapopanda ngazi, kumbe nyonga zote mbili ni mbovu. Karatasi hukuambia babu yake ni nani, basi. Mnapaswa kuomba picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Uingereza kuna utaratibu wa kuzipa nyonga alama, kuanzia 0 hadi 106, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo nyonga zinavyokuwa nzuri zaidi. Hilo ndilo la kukasirikia, siyo ndoa.

Mkulima wa Mlandizi: Ukimwomba yule bwana eksirei atakwambia ukavunjike mguu kwanza.

Mama Kiwembe: Nyonga huharibiwa pia na unene, na hapo ninaye mtu wa kumlalamikia. Labrador dume hutakiwa awe na kilo 29 hadi 36. Wangu ana kilo 43, kwa sababu mama mkwe wangu humpa maandazi kila asubuhi akidai kwamba mbwa ana njaa. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu ya jeni inayomfanya awe na tamaa zaidi ya chakula. Nimemsomea mama mkwe, akajibu kwamba hata hao watafiti wangempa maandazi.

Binti wa Pongwe: Maandazi ni nafuu. Wangu amekula sabuni ya mche nzima na kiatu cha mchungaji aliyekuja kutuombea.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa tunazungumzia nilivyoambiwa nikafunge ndoa.

Mama Kiwembe: Tumekusikia mwenzetu, pole. Binti wa Pongwe, hiyo sabuni alitapika au ilitoka yenyewe?

Binti wa Pongwe: Alitapika povu siku nzima, hadi daktari wa mifugo akaitwa. Aliniambia dalili zikizidi nisisubiri, nimpeleke mara moja. Lakini sabuni haikunitesa kama kupe. Manyoya yake ni mazito, basi kupe wanajificha hadi katikati ya vidole, na mwaka jana homa ya kupe nusura imuue.

Msomaji wa Nairobi: Mnatumia dawa gani ya kupe huko Tanga? Huku wameniuzia chupa ambayo ninaamini ni maji matupu, na muuzaji hapokei simu tangu Jumatatu.