Naomba ushauri: Shukrani ya mtoto wetu ni Jumapili ijayo na mimi sina amani

Mkazi wa Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ametimiza miezi saba, na mke wangu amepanga tumpeleke kanisani kwake, kanisa la Kipentekoste hapa Mbeya, akabarikiwe na sisi tutoe sadaka ya shukrani. Mimi ni Mmoravian wa Rungwe kwa kuzaliwa. Sare zimeshashonwa, mchele umenunuliwa na kadi zimegawiwa. Ninachouliza ni kimoja tu: kuna ubaya gani tukiahirisha hadi mvua zipungue?

Mwalimu wa Jumapili: Ndugu, ibada hii haina tarehe ya lazima. Wengi hutaja siku 40 kwa sababu ya Walawi 12, ambako mama aliyejifungua mtoto wa kiume alikamilisha siku 40, na wa kike siku 80, ndipo apeleke sadaka. Sheria hiyo ndiyo Yosefu na Mariamu waliyoitimiza katika Luka 2 kwa sadaka ya ndege wawili, ambayo ilikuwa ya wale wasioweza kununua mwana-kondoo. Hana, kwa upande wake, alisubiri hadi Samweli alipoachishwa kunyonya. Kwa hiyo unaweza kuahirisha, ila sijaelewa unachokikimbia.

Mama wa Mafinga: Mimi nashauri msiahirishe. Shukrani ya binti yangu ilinyeshewa tangu asubuhi, na bado watu walileta mahindi, viazi na kuku hadi madhabahuni. Ulipofika mnada baada ya ibada, mama mkwe alimkomboa jogoo aliyemtoa mwenyewe, akamtoa tena, akamkomboa tena, mpaka mhasibu akamwomba aende naye nyumbani. Siku kama hiyo hairudi.

Fundi wa Mwanjelwa: Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Mtu aliyezaliwa huko akisema anaogopa mvua, ana jambo jingine.

Mkazi wa Uyole: Mmenibana, nitasema. Mtoto ameshabatizwa. Wakati wa Krismasi, mke wangu akiwa hayupo nyumbani, mama yangu alinishauri tumpeleke Rungwe, na huko akabatizwa, wasimamizi wakiwa kaka yangu na mkewe. Mke wangu hajui, na cheti nimekifungia kabatini kazini. Sikufanya kwa nia mbaya. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na katika ukoo wetu hatujawahi kuwa na mtoto aliyefika Pasaka bila ubatizo. Isitoshe, kubariki si kubatiza, kwa hiyo sioni kilichoharibika. Hofu yangu ni kwamba kaka amealikwa, naye hana breki mdomoni.

Katekista Mstaafu, Iringa: Kwetu Wakatoliki, Kanuni ya 868 inadai ridhaa ya wazazi, au angalau ya mmoja wao, ili mtoto abatizwe kihalali. Mzazi mmoja anatosha.

Mkazi wa Uyole: Ahsante sana, mzee wangu. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta.

Mwalimu wa Jumapili: Wewe si Mkatoliki, na hata ungekuwa, kanuni hiyo inamwongoza padri, haimruhusu mume kumfichia mkewe cheti. Fikiria mbele. Kanisa la mkeo linawabariki watoto kwa kufuata Marko 10, na linangoja wakue ndipo wabatizwe kwa kuzamishwa katika maji mengi, baada ya kuamini wenyewe. Kwenu ubatizo haurudiwi. Siku kijana atakapotaka kuingia majini, nani atamweleza kwamba aliwahi kubatizwa, na mama yake atayasikia hayo akiwa ameketi wapi?

Msomaji Makini: Ndugu zangu, mnashauri hewa. Mtoto ana miezi saba sasa, kwa hiyo wakati wa Krismasi alikuwa mchanga anayenyonya. Ni mama gani atakayeondoka na kumwacha mtoto wa umri huo? Na ni mchungaji gani atakayembatiza bila kuuliza mama yuko wapi? Uzi wa namna hii niliwahi kuusoma, mhusika akiwa wa Njombe na mtoto akiwa wa kike. Nadhani mwandishi anatupima tu.

Fundi wa Mwanjelwa: Hata ikiwa hadithi, naomba jogoo wa Mafinga asifutwe.

Mkazi wa Uyole: Si hadithi, na huyo wa Njombe simfahamu. Mke wangu hakuondoka kwa kupenda. Alikuwa amelazwa hospitalini siku tisa, na mtoto alikunywa maziwa ya kopo. Mchungaji aliuliza. Mama yangu alijibu kwamba mkwe wake ni mgonjwa na asingependa tuchelewe, akasema hivyo kabla sijafungua mdomo, nami sikuufungua. Sikulitaja hili mwanzoni kwa sababu nilijua mtalichukuliaje. Hali yake ilikuwa mbaya, na mama alihofia tungezika bila mtoto kuwa na jina kanisani.

Mama wa Mafinga: Pole, mwanangu. Naomba unijibu jambo moja. Shukrani ya Jumapili mkeo anaitoa kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya kupona kwake?

Mkazi wa Uyole: Kwa ajili ya yote mawili, mama. Ndivyo alivyoandika kwenye kadi.