Naomba ushauri: "bitter", "harsh" au "hard"?

Jambo wandugu. Niko Goma, mchana nauza unite (salio la simu) mtaani Birere, jioni nasoma Kiingereza. Mwalimu alituagiza tueleze usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano Nyiragongo ulipolipuka. Niliandika tuliporudi Buhene na kukuta mawe meusi, bado ya moto, pale palipokuwa na mlango wetu. Nikaita hali ile "strong reality". Bic nyekundu ikapita juu: "harsh reality". Lakini "bitter truth" aliiacha, labda kwa kuwa nasi tunasema ukweli mchungu. "Hard truth" nayo sawa, "hard facts" sawa, ila eti ya mwisho ni habari zilizothibitishwa, hata zisipouma!

Sasa nauliza waliotangulia: nyinyi mlikariri jozi moja moja, au kuna njia ya kusikia lipi linaenda na lipi? Kifaransa kinanivuruga, "dur" (ngumu) kinabeba yote. Na "a bitter pill to swallow" (kidonge kichungu kumeza), inafaa kwa mtu aliyepoteza nyumba, au ni ndogo mno? Kwangu kidonge ni cha malaria. Karatasi inarudishwa Jumatatu.