Naomba ushauri: kunazi kavu badala ya dazao kwenye Guizhi Tang

Wadau wa mitishamba, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Guizhi Tang, dawa ya Kichina ya mafua yenye jasho na kuogopa upepo, ina: guizhi (vijiti vya mdalasini wa Kichina) gramu 9, baishao (mizizi meupe ya ua la peoni) gramu 9, tangawizi mbichi gramu 9, urukususu (mzizi mtamu, licorice) uliokaangwa kwa asali gramu 6, na dazao (matunda makavu yaitwayo pia tende za Kichina) 12.

Kwa mafundisho ya Kichina, guizhi ni mfalme, yaani dawa kuu, hufungua ngozi na kusukuma ugonjwa nje. Baishao ni waziri, yaani msaidizi wake, huzuia jasho lisipotee ovyo. Uzito wao ni sawa kwa sababu maalumu: ukizidisha baishao mara mbili, inakuwa dawa nyingine, ya maumivu ya tumbo. Tangawizi na dazao husaidia tumbo, urukususu hupatanisha zote.

Huchemshwa moto mdogo, vikombe 7 vya maji vibaki 3. Anakunywa kimoja, kisha uji mwepesi wa mchele ukiwa moto, anajifunika. Jasho liwe la unyevunyevu tu. Likitiririka, ugonjwa hautaondoka.

Sasa swali. Dazao ni ndugu wa kunazi zetu, lakini kunazi ni ndogo na zina ukakasi. Je, nipime kwa gramu badala ya idadi? Nipasue kwanza au nitoe kokwa? Tende naona ni mti mwingine kabisa. Na mwenye presha, urukususu mnapunguza au mnaacha kabisa?