Chumvi ya Uvinza: kwa nini inatoka chungu na haikauki?

Mwanamalagarasi: Wakuu, hapa Uvinza, Kigoma, nachemsha maji ya chemchemi ya chumvi mpaka sufuria inakauka kabisa. Chumvi inakuwa chungu, na ikikaa kwenye gunia inalowa. Tatizo ni maji au mimi?

Fundi Chumvi: Ni kukausha mpaka mwisho, mkuu. Tumia haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha maji yamekolea kiasi gani. Chumvi ya kula huanza kuganda uzito wa maji hayo ukifika takriban mara 1.21 ya uzito wa maji safi. Ukifika 1.25, acha, mwaga maji yaliyobaki. Humo ndimo magnesiamu hujikusanya, nayo ndiyo inayoleta uchungu na kuvuta unyevu. Kisha suuza kwa maji chumvi yaliyokolea. Maji ya mtoni yataiyeyusha: lita moja hubeba gramu 360 hivi za chumvi.

Mwanamalagarasi: Asante. Mbona mto Malagarasi wenyewe hauna chumvi?

Mzee wa Miamba: Chemchemi zinatoka chini, kwenye nyufa za miamba, karibu na mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Mto ukifurika maji yake huchanganyika na ya chemchemi, ndiyo maana kazi ya zamani ilikuwa ya kiangazi. Wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta vigae na mafiga ya kuchemshia ya zaidi ya miaka 1,000.

Fundi Chumvi: Madini joto (iodini) tia mwishoni, chumvi ikishakauka. Ukitia sufuriani, mengi yataondoka na maji unayomwaga.