Mtoto ana pumu ya ngozi: nimzuie kujikuna au nimwache? Daktari na mama mkwe wamenichanganya

Mama Wawili wa Tabata

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo, maana kwangu kujikuna kumegeuka ugomvi wa familia.

Mwanangu wa pili ana miaka mitano. Alianza na mashavu makavu yenye vipele akiwa na miezi minne, baadaye ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Hospitali waliandika pumu ya ngozi. Mchana akicheza anajisahau, kimbembe ni usiku. Nalala naye chumba kimoja, nasikia kwaru kwaru kwaru gizani kama panya kwenye gunia la mahindi. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu na unga mweupe wa ngozi. Kucha nimekata mpaka mwisho. Soksi nimemvisha mikononi, anazivua kwa meno. Juzi nimemkuta anajisugua kiwiko kwenye kona ya ukuta, kinapanda kinashuka, macho kafumba kwa utamu.

Mama mkwe yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Anasema mwacheni ajikune uchafu utoke, ukimzuia unamfungia sumu ndani. Daktari alisema asijikune kabisa, akaandika tyubu na Piriton, akaita mgonjwa mwingine. Nimebaki mimi wa kupiga vidole vya mtoto saa nane usiku, "acha!", analia, baba yake ananiambia namtesa.

Swali: kujikuna kwenyewe kunazidisha ugonjwa, au kunachubua tu juu juu na ugonjwa uko pale pale? Na mtoto aliyelala mnamzuiaje?

Kobe wa Pwani

Pole sana dada. Naweka kambi hapa, wangu naye ni hivyo hivyo.

Mjomba Shaba

Acheni kuhangaika. Kuna krimu inauzwa maduka ya vipodozi, hata elfu tatu haifiki. Paka siku tatu tu ngozi inakuwa kama ya mtoto mchanga. Nilimpaka wangu hadi usoni.

Nesi Mstaafu

Mjomba Shaba, hapana. Krimu nyingi za namna hiyo zina klobetasoli, moja ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kabisa za kupaka, ndiyo maana wapika mkorogo wanaipenda. Ngozi inatulia haraka kweli, lakini ukiipaka ovyo kwa muda mrefu ngozi inakonda, mishipa inaonekana, na kwa mtoto dawa inaingia hadi kwenye damu. Usoni ndiyo kabisa usithubutu.

Mleta mada, nikuulize kwanza: kuna mwingine anayejikuna hapo nyumbani? Mwangalie katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Kama wawili watatu mnajikuna usiku, huenda ni upele wa kuambukizana, na upele huo dawa yake ni nyingine kabisa na mnatibiwa nyumba nzima kwa pamoja. Nimeona watoto wakipakwa dawa ya pumu ya ngozi miezi na miezi, kumbe ni upele.

Mama Wawili wa Tabata

Asante bibi. Hakuna mwingine. Dada yake wanalala kitanda kimoja, ngozi safi kabisa. Vidole vyake pia havina kitu, ni mikunjo tu, imekuwa minene na myeusi kama goti la ngamia.

Fundi Maabara

Swali lako la kwanza limefanyiwa utafiti mzuri hivi karibuni, na panya wako wa gunia la mahindi amenikumbusha. Mwishoni mwa Januari 2025 kikundi cha Daniel Kaplan, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh kule Marekani, kilichapisha kazi yao kwenye jarida la Science. Waliwapaka panya masikioni kitu cha kuwaletea mzio. Panya wa kawaida walijikuna, masikio yakavimba na kujaa nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazokimbilia kwenye vita. Panya wengine wakavishwa kola shingoni, kama ile koni anayovishwa mbwa asilambe kidonda. Muwasho wanao, ila mguu haufiki sikioni. Hao walivimba kidogo tu. Kitu kile kile kimepakwa, tofauti ni kujikuna.

Sababu waliipata ndani ya ngozi. Kuna seli zinaitwa masti, zimejaa vifuko vya kemikali. Mzio unazifungua kwa mlango wake. Ukijikuna, mishipa ya fahamu ya maumivu inamwaga kemikali iitwayo sabstansi P, nayo inazifungua seli zile zile kwa mlango wa pili. Milango miwili ikifunguka kwa mpigo, uvimbe unakuwa mkubwa kuliko mzio peke yake ungeuleta. Kwa hiyo hapana, si kuchubua juu juu tu. Kucha zinachochea moto ulioko ndani.

Nisikudanganye, lile lilikuwa sikio la panya na mzio wa kupakwa, si kiwiko cha mtoto wa Tabata. Lakini binadamu pia tuna kipokezi, yaani huo mlango wa pili wenyewe, kinachofanana na cha panya kwenye seli hizo, ndiyo maana watu wanatafuta dawa ya kuufunga huo mlango wa pili.

Kobe wa Pwani

Kwa hiyo tuwavishe watoto koni? 😂

Fundi Maabara

Mkuu, ungemwona mtoto wa miaka mitano na koni ungemhurumia zaidi ya muwasho.

Ila kuna kitu kwenye utafiti ule ambacho mama mkwe angekipenda. Panya waliojikuna walikuwa na bakteria wachache wa stafilokokasi kwenye ngozi kuliko wale waliozuiwa. Yaani kujikuna kuna kazi yake, pengine ndiyo maana Mungu kakuwekea utamu. Mama mkwe ana robo ya haki. Robo tatu anaikosa kwa sababu mtoto huyu hajikuni mara moja akamaliza, anajikuna kila usiku, ngozi inapasuka, na bakteria hao hao wanapata mlango. Halafu wao wenyewe wanawasha! Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kuwa stafilokokasi anatoa kimeng'enya kinachoigusa moja kwa moja mishipa ya fahamu ya muwasho. Unajikuna, anaingia, anawasha, unajikuna tena.

Mama Wawili wa Tabata

Nimemsomea mama mkwe hiyo ya robo. Kasema "hao Wazungu wamechelewa". 🙄 Sasa, Piriton mbona haisaidii? Anasinzia ila mkono unaendelea.

Fundi Maabara

Kwa sababu Piriton inazuia histamini, kemikali ya mzio inayowasha, na muwasho wa pumu ya ngozi kwa sehemu kubwa hauletwi na histamini. Unaletwa na protini nyingine za kinga ya mwili, mojawapo inaitwa interlukini 31. Marekani kuna sindano ya kuizuia hiyo, nemolizumabu, iliyoruhusiwa kwa pumu ya ngozi Desemba 2024. Bei yake tusiizungumze hapa.

Magamba Tangu 1989

Mimi ni mgonjwa mwenyewe, niko na hili jambo tangu tumboni karibu niseme. Dada, kwanza acha kumpiga vidole. Mama yangu alinipiga, na nilichojifunza ni kujikuna kwa siri, chini ya shuka, chooni, kwa kitana, kwa rula ya shule. Neno "acha" halijawahi kumtoa mtu muwasho. Muwasho ndio unaotibiwa, mkono utatulia wenyewe.

Kwangu hii ndiyo iliyofanya kazi. Jioni mwogeshe maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, dodoki litupe, sabuni kidogo sana na isiwe ya kunukia. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga kuukuu, usimsugue. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mengi, mpaka ang'ae kama samaki. Ya nazi pia sawa. Ya mzeituni yaache, yanaidhoofisha ngozi ya namna hii. Hayo mafuta ni kila siku hata akiwa mzima, na hapo ndipo wengi tunapofeli, tunapaka wiki tukiona nafuu tunaacha.

Ile tyubu ya daktari ipake palipochachamaa tu. Watu wanaiogopa wanapaka kama chumvi ya kuonja, haifanyi kazi, wanasema dawa mbovu. Kamua kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza. Hicho kipimo kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

Usiku akizidiwa mwekee kitambaa kilicholoweshwa maji na kukamuliwa juu ya kiwiko, dakika kumi. Ubaridi unanyamazisha. Na mfundishe kubonyeza au kupigapiga kwa kiganja badala ya kucha. Ataona mchezo.

Nesi Mstaafu

Nakubaliana na Magamba. Niongeze moja: kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu ndiyo ujue imechachamaa. Itakuwa nyeusi zaidi, au ya kijivu, au zambarau, na ukiigusa ina joto. Ikitoa majimaji ya manjano, ikafanya gamba kama asali, au mtoto akapata homa, hiyo imeingia bakteria. Hospitali siku hiyo hiyo.

Na ukiona haitulii, omba rufaa. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu wote, na waliosoma pale wametawanyika mikoani.

Mama Wawili wa Tabata

Nimerudi wakuu, siku ya kumi na mbili leo. Kumbe tyubu nilikuwa napaka robo ya kipimo. Kiwiko cha kulia kimelainika, cha kushoto bado kigumu. Jana kaamka mara moja tu, akaniambia "mama, kitambaa", nikamwekea, akalala. Shuka halina damu siku ya nne hii.

Mafuta ya jioni anapaka bibi yake sasa, kanipokonya kopo. Anasema uchafu unatoka vizuri ukiulainisha kwanza. Nimenyamaza.

Swali dogo: shingoni pana kipande kimeanza jana. Tyubu ile ile ya viwiko naruhusiwa kupaka na shingoni?

Nesi Mstaafu

Soma jina lililoandikwa kwenye tyubu uniwekee hapa. Ikiwa ni haidrokotisoni asilimia 1, steroidi hafifu, paka shingoni siku chache bila wasiwasi. Ikiwa ni betamethasoni, ambayo ni kali zaidi, ibaki viwikoni, shingoni mafuta tu mpaka umwone daktari.