Orzammar: taji nimpe Bhelen au Harrowmont?

mtoto_wa_Highever

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana nimekwama tangu juzi, nawasha laptopu, naangalia sevu, nazima. Nacheza Dragon Age: Origins, ndio ile ya 2009, laptopu yangu ya zamani haibebi gemu mpya ila hii inaenda bila shida. Nimeshatoka Deep Roads, yale mahandaki ya chini, Branka yule fundi aliyepotelea huko nimemalizana naye, taji ninalo mkononi, nimesimama mlangoni kwa Baraza na nikiingia lazima niseme nani awe mfalme wa madwafu wa Orzammar, mji wao wa chini ya ardhi.

Kwa ambao hamjacheza, mfalme Endrin amefariki, mtoto wake aliyebaki ni Bhelen, lakini Lord Harrowmont anasema mzee akiwa kitandani anakata roho alimwomba asiache Bhelen akalie kiti. Wajumbe wa Baraza wamegawanyika, kila siku majungu, nilipoingia mjini mara ya kwanza tu nikawakuta wale wawili wanarushiana maneno hadharani na watu wao wakavamiana hadi mmoja akafa pale pale mbele yangu.

Sasa shida yangu ni hii. Mimi nilianza kama Cousland, mtoto wa teyrn, yaani kabaila mkubwa, wa Highever. Mnakumbuka ule usiku? Arl Howe, rafiki wa baba, kala kwetu, kanywa kwetu, askari wa baba na kaka yangu walipotangulia vitani akafungulia watu wake watuue. Shemeji na yule mtoto mdogo niliwakuta wamelala chini chumbani kwao. Baba nilimuacha stoo ya chakula anavuja damu na mama akakataa kutoka. Tangu hapo mtu yeyote anayemgeuka wa nyumbani kwake mi siwezi kumtazama usoni. Na huku Orzammar kila mtu ananong'ona kwamba Bhelen ndiye aliyemmaliza kaka yake Trian na msala akambebesha mwenzao wa tumbo moja. Huyo ni Howe mwingine kabisa.

Lakini nikizunguka Dust Town, mtaa wa wasio na tabaka, nasikia maneno mengine. Ndo maana nauliza, waliomaliza gemu mlimpa nani na kwa nini. Spoila ya Orzammar ruksa, ya mbele huko naomba msiimwage yote.

fundi_sevu

Mkuu kwanza ondoa wasiwasi kwenye jeshi, yeyote utakayemvika taji madwafu watakuja kupigana pamoja na wewe dhidi ya Archdemon, lile joka kuu la maadui. Golemu, yale masanamu ya kupigana, ndo zinategemea ile Anvil, fuawe ya kuzitengenezea, ulivyoifanya kule chini, sio nani mfalme. Na pia hata kama misheni zote ulimfanyia huyu, pale Barazani unaweza kumpa yule, gemu haikufungi. Kwa hiyo hapo umebaki wewe na roho yako tu. Weka sevu mbili usije ukajuta.

aliyefukuzwa_Orzammar

Ndugu yangu hizo unazosikia zinanong'onwa mimi zilinipata. Nilicheza yule mtoto wa pili wa mfalme, Aeducan. Karamu ilikuwa yangu, wananipa ukamanda, Bhelen akanivuta pembeni kwa sauti ya mdogo mtu anayekupenda akaniambia Trian amepanga kukuua, jihadhari. Mi sikumgusa Trian. Nikaenda Deep Roads kutafuta ngao ya babu yetu, nikaipata, narudi na furaha zangu nikamkuta kaka amelala kwenye njia panda na watu wake wote wamekufa. Hata sijakaa sawa, Bhelen anatokea na baba na Harrowmont nyuma yake, utadhani wameitwa kwa saa. Wale niliotoka nao wakaulizwa wakasema mimi ndiye niliyeua. Gorim peke yake ndiye aliyesema ukweli na neno lake likahesabika si kitu kwa sababu ni mtu wangu.

Aliyenipeleka hadi mlango wa Deep Roads ni Harrowmont. Upanga na ngao, basi, nikafie huko. Na yule mzee alikuwa na uchungu wa kweli, ungemwangalia ungeona. Kwa hiyo niliporudi nikiwa Grey Warden, kikosi cha kupigana na viumbe wa giza, sikufikiria mara mbili, taji kwa Harrowmont. Bhelen hakukubali, akachomoa silaha mle mle Barazani, nikamuua kwa mkono wangu. Nilisimama nikashangilia chumbani usiku wa manane.

Halafu nikamaliza gemu, zikaja zile slaidi za mwisho. Harrowmont amefunga milango, biashara na watu wa juu imekatwa, sheria za matabaka zimekazwa kuliko mwanzo, wasio na tabaka wakainuka akawazima kwa ukatili. Na mwenyewe akaugua ugonjwa mrefu, wengine wakasema sumu, akafa na ugomvi wa kiti ukaanza upya. Nilikaa naangalia skrini. Yaani kaka yangu nimemlipia kisasi, lakini kisasi chenyewe wamekilipa watu wa Dust Town ambao hata Trian hawajawahi kumwona.

binti_wa_Dust_Town

Asante kaka kwa kusema hilo, maana huwa watu wakiongelea Bhelen na Harrowmont wanaongea kama vile Orzammar ni nyumba mbili tu za wakubwa.

Mimi nilicheza Brosca, asiye na tabaka. Ukizaliwa hivyo unachorwa alama usoni, na ukiwa na alama huruhusiwi kazi yoyote ya halali, huruhusiwi kushika silaha kama shujaa, hata kufagia mtaa wa wakubwa ni kosa. Mama yangu alikuwa mlevi, dada yangu Rica alikuwa anafundishwa kuongea na kuimba kwa pesa za Beraht, yule jambazi, ili ampate bwana mkubwa amzalie. Kwa sababu sheria yao mtoto wa kiume anachukua tabaka la baba, wa kike la mama. Rica akizaa dume familia nzima tunatoka shimoni, akizaa binti ni binti mwingine wa kuchorwa alama. Mimi mwenyewe nilivaa deraya ya mtu aliyezimika kwa pombe nikapigana kwenye Proving, mashindano yao ya kupigana uwanjani, mbele ya mji wote, nikashinda, kofia ilipotoka wakaona uso wangu nikatupwa jela. Nilishinda haki kabisa!

Sasa nikirudi nikiwa Grey Warden namkuta Rica yuko ikulu, amevaa vizuri, ana mtoto wa kiume wa Bhelen. Sisemi Bhelen ni mtu mwema. Najua alichofanya. Lakini katika wakubwa wote wa Orzammar ni yeye peke yake ambaye mwanamke mwenye alama usoni anakaa nyumbani kwake bila kufichwa. Na ukimpa taji anafungua biashara na juu, wasio na tabaka wanapewa nafasi wakishika silaha kupigana na darkspawn, wale viumbe wa giza.

Mtoa mada, kabla hujaingia Barazani hebu rudi Dust Town umtafute Zerlinda, yule mama anayeomba na mtoto. Uliongea naye? Yeye ni wa tabaka la wachimbaji, akampenda mwanaume asiye na tabaka, mtoto akatoka wa kiume. Wazazi wake wanamwambia akamuache mtoto Deep Roads ndo arudi nyumbani. Baba yake anakaa Tapsters anakunywa, anaitwa Ordel, ukimbembeleza vizuri anaweza akakubali. Mpaka ubembeleze babu ili asimtupe mjukuu! Hiyo sheria Harrowmont anaona iko sawa. Ataihuzunikia, ila ataiacha.

mjumbe_wa_Baraza

Naheshimu mliyosema, dada hasa wewe. Ila mi niko upande wa Harrowmont na sijabadilika, na sababu yangu sio kwamba ni mzee mpole.

Angalieni Bhelen anavyofanya kazi. Akivaa taji tu, amri yake ya kwanza kabla hata watu hawajatoka ukumbini ni Harrowmont auawe. Mpinzani wake ameshashindwa, amesimama pale hana silaha! Halafu baadaye anavunja Baraza lenyewe anatawala peke yake. Leo mfalme asiye na Baraza anawafungulia milango wasio na tabaka, sawa, kesho akija mwanae au mtu mwingine akaifunga nani atamzuia? Hakuna chombo kimebaki. Mtu aliyefika kwenye kiti kwa kuua ndugu amewafundisha wote walio nyuma yake njia ya kufikia kiti.

Na zile kazi za mwanzo zenyewe zinakuonyesha. Harrowmont anakuomba upigane Proving hadharani kwa jina lake. Ukifika unakuta Gwiddon ametishwa kwa uongo kwamba Harrowmont anajitoa, na Baizyl, ndugu yake kabisa, amejiondoa kwa sababu kuna barua za mapenzi na mke wa mtu zimeshikwa na wapinzani. Wakati huo Bhelen kazi yake ya kwanza anakupa hati ukawapelekee Lord Helmi na Lady Dace kuwaonyesha kwamba Harrowmont amewaahidi wote mali ileile. Hajataka hata ukutane naye uso kwa uso, unaongea na Vartag, msaidizi wake, kwanza. Mmoja anakutuma ukapigane, mwingine anakutuma ukagombanishe.

Slaidi za Harrowmont zinaniuma hata mimi. Bado sitampa taji muuaji.

binti_wa_Dust_Town

@mjumbe_wa_Baraza nimekusoma na hoja ya Baraza ni nzito, siwezi kuipuuza. Lakini hilo Baraza unalolilinda limekaa miaka na miaka na halijawahi kuwa na mtu wa Dust Town ndani yake hata mmoja. Likivunjwa sisi tumepoteza nini? Wewe umepoteza kiti chako, mimi sikuwa nacho.

mjumbe_wa_Baraza

Hapo sina jibu dada. Kweli kabisa.

Erlina_alinituma

Mtoa mada, naongeza kidogo bila kukumwagia sana, kwa sababu swali hili hili linakuja tena Denerim kwenye Landsmeet, mkutano wa makabaila, na watu wengi wanaanguka kwa sababu wameenda na hasira. Wewe hasira yako iko kwa Howe na utamfikia, nyumba yake utaingia. Ukishaingia usikimbilie kutoka, fungua kila seli kule chini. Kuna mtoto wa Bann Sighard ameteswa, kuna templa atakupa pete ni ya kumpelekea dada yake Bann Alfstanna. Hao ni kura. Makabaila wa Ferelden hawahami upande kwa hotuba tamu, wanahama kwa sababu umewarudishia mtu wao.

Na malkia Anora, ukiongea naye pima maneno. Ni binti wa Loghain, yule jenerali mpinzani wako, lakini ndiye aliyekuwa anaendesha nchi wakati mumewe mfalme Cailan yuko kwenye ndoto zake za vita. Ukimwambia waziwazi kwamba kiti unampa Alistair, Grey Warden mwenzako, siku ya Landsmeet anasimama upande wa baba yake mbele ya watu wote. Na kama una mpango wa ndoa yoyote, iwe yeye na Alistair au yeye na wewe, fikiria mapema nani atashika upanga kumuua Loghain ikifika huko, maana Anora hataolewa na mtu mwenye damu ya baba yake mkononi. Watu wanasahau hilo, wanampa Alistair apigane, Alistair anamkata yule mzee, halafu wanashangaa harusi imekufa.

Alistair naye kama bado hujampeleka kwa yule dada yake Goldanna, mpeleke, na mkitoka mwambie ukweli kwamba kila mtu anaangalia la kwake. Inamuumiza ila inamkomaza, na Alistair aliyekomaa anaweza kukaa kwenye kiti.

fundi_sevu

Hii ya kufungua seli zote naipigia mstari. Mimi mara ya kwanza nilitoka mbio, nikafika Landsmeet kura hazitoshi, ikabidi tupigane ukumbini.

mtoto_wa_Highever

Wakuu nimerudi. Nimesoma zote mara mbili, asanteni sana.

Nilifanya kama dada alivyosema, nikarudi Dust Town kwanza. Zerlinda nilikuwa nimempita kama mara kumi bila kumsimamisha. Nikaenda Tapsters kwa baba yake, alikataa, nikaendelea kumwambia huyo mtoto ni damu yako, mwisho akalegea. Nilivyorudi kumpa habari yule mama nikabaki namkumbuka mtoto wa kaka yangu pale sakafuni Highever, kwa kweli nilisimamisha gemu kidogo.

Nimempa Bhelen. Nimesema jina lake mbele ya Baraza na mkono unatetemeka kwenye mausi, na amri ile ikatoka papo hapo kama mjumbe alivyosema, Harrowmont auawe. Yule mzee hakunikosea kitu. Bhelen alinishukuru na mimi sikuchagua jibu la heshima, nikachagua la mkato tu nikaondoka.

@aliyefukuzwa_Orzammar samahani kaka, najua ni mtu aliyekufanyia nini.

aliyefukuzwa_Orzammar

Hamna shida mdogo wangu. Mimi ningekuwa na taji hilo leo, kwa niliyoyaona, sijui kama mkono ungenitii. Wewe nenda Denerim.

mtoto_wa_Highever

Kesho usiku naingia kwa Howe. Nitafungua seli zote kwanza.